Kabla ya kumpeleka mtoto Sydney

Ukienda Sydney na watu wazima wenzako, mambo mengi mtayapanga mkishafika. Ukienda na mtoto, hasa mtoto usiyemzaa wewe, kazi kubwa inafanyika nyumbani, wiki kadhaa kabla hujagusa sanduku. Mimi nilimpeleka mpwa wangu, mtoto wa kaka, na haya ndiyo ninayowajibu ndugu na majirani wanaponipigia kuuliza. Kwa kifupi: karatasi ni nyingi kuliko unavyodhani, na ratiba iwe fupi kuliko unavyotamani.

Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo safari za mashangazi na wajomba hukwama. Mtoto anaombewa viza yake mwenyewe, hata akiwa wa mwaka mmoja. Kwa wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanaokwenda kutembea tu, ni viza ya mgeni ya daraja la 600, inayoombwa mtandaoni. Kama mtoto hasafiri na wazazi wote wawili, mzazi anayebaki anajaza fomu namba 1229 ya kuridhia mtoto apewe viza, na kuambatanisha nakala ya kitambulisho chake. Iko na fomu nyingine, namba 1257, kwa mtoto atakayefikia kwa mtu ambaye si mzazi, si ndugu, wala si mlezi wake kisheria. Hii ya pili wengi huiruka. Yule rafiki wa familia aliyehamia huko zamani, ambaye watoto wote wanamwita anko, kwenye fomu si anko hata kidogo.

Juu ya hizo, beba cheti cha kuzaliwa cha RITA au cha nchi yako, na barua ya ridhaa ya wazazi iliyogongwa muhuri wa wakili, yenye namba zao za simu. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Mtapitia Doha, Dubai au Johannesburg, na ofisa yeyote njiani ana haki ya kukuuliza huyu mtoto ni wa nani. Karatasi hizo zikae kwenye mkoba wa mkononi. Na mtoto mwenyewe afundishwe kujibu kwa jina lako kamili, maana ukimwacha aseme "shangazi" tu, ofisa hatajua shangazi gani.

Kadi ya njano nayo. Australia inaitaka kwa kila mwenye umri wa mwaka mmoja na kuendelea ambaye ndani ya siku 6 kabla ya kuingia alilala kwenye nchi yenye hatari ya homa ya manjano. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo. Mtu wa Dar anayelala usiku mmoja Nairobi kwa shangazi yake kabla ya kupanda ndege naye ameingia kwenye hesabu hiyo. Sindano ni moja kwa maisha yote, lakini cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiiache hadi wiki ya safari.

Sasa suala la bibi. Bibi hawezi kumwachia mjukuu aende mbali mikono mitupu: ataweka karanga, dagaa, viungo vya pilau, asali ya Tabora, pengine na maembe mawili ya njiani. Australia ni kali mno kuhusu vyakula, mimea na chochote kilichotokana na mnyama, kwa sababu wanalinda mashamba yao dhidi ya wadudu na magonjwa ambayo bara lao halina. Matunda mabichi na nyama viacheni nyumbani. Vingine vyote vya kula, pamoja na vinyago vya mbao, vitu vya ngozi, vikapu vya ukili na viatu vyenye udongo, viandike kwenye kadi ya abiria mnayopewa mkiingia. Ukiandika, kikubwa watakachofanya ni kukagua na labda kukichukua. Usipoandika kikakutwa, faini yake inauma, na viza inaweza kufutwa papo hapo. Tufaha alilopewa mtoto ndani ya ndege akalitia kwenye begi lake limo pia. Kabla ndege haijatua, fungua begi la mtoto, toa kila kitu, angalia hadi mifuko ya pembeni.

Bima ya safari msiifanyie ubahili. Mgeni kutoka Afrika Mashariki hapati matibabu kwa mfumo wa serikali ya kule. Homa ya kawaida tu ya mtoto italipiwa mfukoni. Jamaa wanaoishi Uingereza wana nafuu kidogo kwa sababu nchi hizo mbili zina makubaliano ya matibabu. Namba ya dharura ni 000, kwa polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Mfundishe mtoto.

Mtu atakuuliza mwende lini. Dar na Sydney zote ziko kusini mwa ikweta, kwa hiyo baridi yao inaangukia kwenye kipupwe chetu, Juni hadi Agosti, ila kipupwe chao si cha shuka moja. Mchana nyuzijoto 17 hivi, usiku 8. Kwa likizo ya shule ya mwezi wa sita, mtoto anahitaji sweta nzito, soksi na koti la upepo. Faida yake ni kwamba bei ziko chini na foleni ni fupi, na mkiwahi mwanzoni mwa Juni mnaweza kukuta tamasha la Vivid, ambapo majengo ya ufukweni yanapakwa taa za rangi usiku na kutazama nje ni bure. Desemba ni joto na bahari, lakini ndiyo likizo kubwa ya shule zao na kila kitu ni ghali. Hata kiangazi hicho beba sweta nyepesi: upepo wa kusini huweza kuingia jioni ghafla na joto likaporomoka ndani ya dakika chache.

Jua la kule lisikudanganye kwa sababu umezaliwa Tanga. Miale yake ni mikali sana, na ngozi nyeusi nayo inaungua. Shule zao nyingi zina sheria kwamba mtoto asiye na kofia hachezi nje, nami niliichukua kama ilivyo. Kofia iwe ya ukingo mpana unaofunika masikio, na mafuta ya kujikinga na jua yanunuliwe huko huko, duka lolote la dawa linayo.

Usingizi ndio utakaowavuruga siku za mwanzo. Sydney iko mbele yetu kwa saa 7, na kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Aprili ni saa 8. Maana yake, saa mbili usiku ya kule, unapomwambia mtoto alale, mwili wake unajua ni mchana wa kula wali. Atakodoa macho hadi usiku wa manane. Kesho yake saa mbili asubuhi utamwamsha kama unamfufua. Kwa hiyo siku mbili za kwanza usikate tiketi ya kitu chochote cha asubuhi. Tembeeni mchana, akae juani, ale kwa saa za kule, basi.

Kuhusu usafiri, kuna jambo dogo linalokula pesa za wageni. Mtu mzima anaweza kugonga kadi yake ya benki kwenye treni, basi na kivuko bila kununua chochote. Mtoto akigongewa kadi ya benki anakatwa nauli ya mtu mzima. Yeye anunuliwe kadi ya Opal ya watoto, ya miaka 4 hadi 15. Walio chini ya hapo wanapanda bure. Nauli ina kikomo cha siku, ukikifikia hukatwi tena, na Ijumaa hadi Jumapili kikomo hicho hushuka karibu nusu. Safari za mbali zenye kupanda na kushuka zipangieni siku hizo. Kadi ya mtoto ifungwe kamba avae shingoni. Wangu alikuwa anaisogeza pole pole kwenye mashine, anasubiri mlio, halafu ndiyo ananigeukia kuhakikisha na mimi nimegonga.

Kama ndugu anakuja kuwapokea kwa gari, mwambie mapema atafute kiti cha mtoto. Kwa sheria, aliye chini ya miaka 7 lazima akae kwenye kiti chake maalumu, na kiwe cha viwango vya Australia; cha kutoka kwetu hakikubaliki, msikibebe. Treni ya uwanja wa ndege ni ya haraka, ila vituo vyake vina ada ya ziada juu ya nauli, na wenye mizigo na watoto wawili watatu wapige hesabu ya teksi kwanza.

Mjini penyewe, ushauri wangu ni jambo moja kubwa kwa siku, na kama linaweza kuwa ndani ya boti, liwe ndani ya boti. Sydney imezunguka bandari, na vivuko vya nauli ya kawaida vinapita mbele ya vitu vile vile ambavyo boti za watalii zinawatoza watu pesa nyingi kuviona. Pandeni kivuko cha kwenda Manly, kitongoji cha ufukweni, kutoka Circular Quay, gati kuu la vivuko mjini, nusu saa hivi, mkae nje upande wa kulia. Jumba la Opera litapita karibu kabisa, daraja litabaki nyuma. Mkifika usawa wa lango la bandari, baina ya magenge mawili ya mwamba, mawimbi ya bahari kuu yanaingia na kivuko kinaanza kuyumba. Hapo watoto wote hupiga kelele. Anayetapika kwa urahisi asile chipsi kabla.

Huko Manly, kaeni na mtoto mzungumze kuhusu maji kabla hajavua viatu. Mtoto wa pwani yetu amezoea bahari iliyokingwa na miamba ya matumbawe, ambapo wimbi kubwa linavunjika mbali, na ufukweni maji yametulia. Pasifiki haina kizuizi hicho pale. Wimbi linakuja zima, na kati ya mawimbi mna mikondo inayovuta mtu kwenda nje, hata mwogeleaji hodari. Waokoaji wanaweka bendera za nyekundu na njano, na kuogelea ni katikati ya bendera hizo tu. Bendera zisipokuwepo, hakuna kuogelea, bila mjadala. Sehemu inayoonekana shwari, isiyo na mawimbi, mara nyingi ndiyo penye mkondo. Kwa mdogo, tembeeni kwa njia ya ufukweni hadi Fairy Bower, kuna bwawa dogo la maji ya bahari lililojengwa kwenye mwamba, la bure, kisha mbele kidogo Shelly Beach, ambayo imejikunja na maji yake ni ya upole. Mkikuta viputo vya bluu vimetapakaa mchangani, ni konyeza na huwasha hata wakifa. Mtoto akiumwa, ondoeni nyuzi za konyeza, kisha loweka mahali hapo kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia.

Siku ya wanyama ni Taronga, bustani ya tangu 1916, nayo inafikiwa kwa kivuko. Iko mlimani: pandeni basi pale gatini hadi lango la juu, mshuke taratibu kuelekea majini. Mwambie mtoto mapema kwamba hatabeba koala. Sheria ya jimbo la New South Wales hairuhusu, na picha anazoziona za watu wamewakumbatia mara nyingi ni za Queensland. Tena koala hulala sehemu kubwa ya siku. Tulimtazama mmoja aliyejibanza kwenye uma wa mti kwa muda mrefu, hakujigusa.

"Shangazi, amekufa?"

"Amelala, baba."

"Toka jana?"

Jumba la Opera, lililofunguliwa 1973, halihitaji tiketi kulizunguka nje. Mpeleke mtoto hadi linapoinamia ngazi, aguse vigae. Kwa mbali paa linaonekana jeupe pee, kwa karibu anaona ni vigae zaidi ya milioni moja, vingine vya kung'aa na vingine vya rangi ya maziwa visivyong'aa. Jumba la makumbusho la Australian Museum nalo halitozi kiingilio cha kawaida, na lina mifupa ya dinosaria. Liwekeni akiba kwa siku ya mvua. Kwenye uwanja wa michezo wa Darling Harbour kuna mifereji ya maji ambayo mtoto ataloa kuanzia kichwani, kwa hiyo beba nguo za kubadilisha na taulo. Maji ya bomba mjini ni salama, chupa moja ya kujaza inatosha. Wanaotafuta halali waende Lakemba au Auburn.

Daraja la bandari la 1932 linavukwa kwa miguu bure. Wale wanaopandishwa juu ya upinde wake lazima wawe na miaka 8 na kimo cha mita 1.2, kwa hiyo kama wako hajafika, usimwonyeshe ule mstari wa watu kule juu halafu umnyime. Mpe nguzo ya kusini mashariki, ngazi 200 kwa ndani, kiingilio ni nafuu zaidi. Mwanangu, yaani mpwa wangu, alizihesabu kwa sauti hadi 140, hapo akachoka akataka nimbebe.