Kuotesha mlakasa pwani kwa mbegu, hatua kwa hatua

Rafiki yangu aliniletea sahani ya mbegu za mlakasa pwani zilizokaa katika mchanga wenye unyevu kwa miezi miwili bila hata moja kuota. Alikuwa ameamini kwamba zimeoza, kumbe zilikuwa nzima kabisa, na baada ya kuziandaa upya pamoja alasiri moja, nyingi zilichomoza kabla ya wiki kwisha. Ninaandika mwongozo huu kwa kufuata kazi tuliyoifanya siku ile, na kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kupoteza msimu mzima kwa kosa linalofanana na lake.

Mlakasa pwani ni Ipomoea pes-caprae, mmea wa jamii ya Convolvulaceae na ndugu wa kiazi kitamu. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuelezea mwaka 1753 katika jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Convolvulus, kisha mtaalamu mwenzake Robert Brown akauhamishia Ipomoea. Jina pes-caprae ni Kilatini, maana yake mguu wa mbuzi, kwa sababu jani lake nene limepasuka nchani likafanana na kwato. Hutambaa juu ya mchanga katika fukwe za tropiki za Bahari ya Hindi, Pasifiki na Atlantiki, na kila kifundo cha shina kinaweza kutoa mizizi, ndiyo maana huwa miongoni mwa mimea ya kwanza kuushika mchanga unaohamahama kwa upepo.

Jambo la kulielewa kabla ya kushika chombo chochote ni kwamba mmea huu huvumilia chumvi lakini hauihitaji. Majani yake manene huhifadhi maji, ngozi yake huhimili matone ya chumvi yanayorushwa na upepo wa bahari, na mzizi wake mkuu huzama chini sana kutafuta unyevu. Sifa hizo ni za mmea uliokwisha kukomaa. Mbegu inayoanza kuota ni dhaifu mbele ya chumvi nyingi, kwa kuwa chumvi huizuia kunyonya maji, na ufukweni nako miche huchomoza zaidi baada ya mvua kuusuuza mchanga. Anayemwagilia mbegu maji ya bahari kwa kudhani kwamba anauiga ufuo anaiga saa isiyofaa ya ufuo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mmea wenyewe

Tafuta jani moja lenye ncha iliyopasuka, utomvu mweupe unapokata kikonyo, na ua la umbo la faneli lenye rangi ya waridi au zambarau na koo lililokoza. Ua hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo, hivyo nenda mapema. Canavalia rosea hutambaa mahali hapohapo na ua lake lina rangi inayokaribiana, lakini jani lake lina vijani vitatu na tunda lake ni ganda kama la kunde. Ipomoea imperati ina ua jeupe lenye koo la manjano.

Hatua ya 2: Kusanya mbegu

Chuma matunda yaliyokauka na kuwa ya kahawia. Kila tunda huwa na mbegu zisizozidi nne, nyeusi au za kahawia iliyokoza, zenye vinyweleo kama mahameli. Kusanya kutoka mashina yaliyo mbalimbali, kwa sababu ua la mlakasa pwani halitungi mbegu vizuri kwa chavua ya mmea wake wenyewe. Ukianzisha bustani yote kwa shina moja utapata maua mengi na mbegu chache mno. Katika eneo la hifadhi, omba ruhusa kwanza.

Hatua ya 3: Kwaruza ganda la mbegu

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ndipo mimi nilipokwama.

Niliwahi kuzimimina mbegu zote katika ndoo ya maji, kama wakulima wengi wanavyopima mbegu, nikatupa zilizoelea na kupanda chache zilizozama. Sikupata mche hata mmoja. Mbegu ya mlakasa pwani imeumbwa ielee: ndani yake mna nafasi za hewa, na ndivyo inavyosafiri kwa mikondo ya bahari kutoka pwani hadi pwani, ikikaa majini muda mrefu bila kufa. Kuelea kwake kabla ya kukwaruzwa hakukuelezi chochote kuhusu uzima wake. Nilikuwa nimetupa mbegu nzuri, na zile nilizozibakiza nazo nilizipanda zikiwa zimefungwa ndani ya ganda lisilopitisha maji.

Ganda hilo ndilo kizuizi. Ufukweni hudhoofishwa polepole na jua, mchanga na muda. Kitaluni inakupasa uifanye kazi hiyo kwa mkono. Ninatumia tupa ndogo bapa na sioni sababu ya kutumia kitu kingine. Msasa unafaa, ila huchosha vidole mbegu zikiwa nyingi. Kikata kucha ni cha haraka, lakini kikiteleza mara moja huingia hadi kwenye kiinitete. Maji ya moto siyapendi hata kidogo, kwa kuwa baadhi ya mbegu huiva na nyingine hubaki zimefungwa vilevile. Tindikali ya salfuriki hutumika katika maabara, nami sishauri mtu aiingize nyumbani.

Shika mbegu ili kovu lake, yaani mahali iliposhikana na tunda, lielekee kwenye kiganja, kisha kwaruza upande wa mgongo, mbali na kovu, kwa sababu mzizi mchanga hukaa karibu na kovu. Endelea mpaka uone doa dogo la rangi hafifu chini ya weusi, kisha acha papo hapo. Doa la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha. Ukiona unga mweupe laini au unyevu, umepita mpaka, na mbegu hiyo huenda ikaoza.

Loweka mbegu katika maji baridi yasiyo na chumvi kwa saa 12 hadi 24. Iliyofanikiwa huvimba waziwazi. Ile iliyobaki ndogo na ngumu irudishe kwenye tupa, ikwaruze kidogo zaidi na uiloweke tena, usiitupe. Iliyovimba ipande siku hiyohiyo, kwa kuwa haiwezi tena kurudi ghalani. Siku ile na rafiki yangu, takriban theluthi ya mbegu zilihitaji kukwaruzwa mara ya pili, na nyingi kati ya hizo ziliota.

Nawa mikono ukimaliza, na usiziache mbegu karibu na watoto, kwani si za kuliwa.

Hatua ya 4: Panda

Tumia mchanga wa chembe kubwa, sehemu tatu, na mboji sehemu moja. Mchanga wa ufukweni uoshe kwa maji baridi mara tatu kwanza. Chagua chombo chenye kina cha sentimita 20 au zaidi, chenye matundu chini, kwa sababu mzizi mkuu hushuka haraka. Fukia sentimita moja na nusu na uweke juani. Majani mawili ya kwanza yamepasuka sana, usidhani yameliwa na wadudu.

Hatua ya 5: Hamishia mahali pake

Bustanini panahitajika jua la siku nzima na udongo usiotuamisha maji. Usitie samadi wala mbolea ya naitrojeni. Utapata majani matupu. Mmea haustahimili jalidi, yaani baridi ya kugandisha.

Ufukweni, panda mwanzoni mwa mvua, juu ya mstari unaofikiwa na maji ya bamvua, yaani maji yanapojaa sana. Wiki mbili kabla ya hapo mimi huchanganya sehemu moja ya maji ya bahari na sehemu kumi za maji baridi na kumwagilia mara chache ili miche izoee. Eneo likiwa kubwa, ongeza marando yenye vifundo vinne au vitano kutoka mashina tofauti, ukifukia vifundo vitatu na kuacha ncha nje. Kisha zungushia kamba, kwa kuwa miguu ya watu huua miche hii kuliko chumvi. Sisimizi utakaowaona kwenye vikonyo vya majani waache. Hufuata asali inayotolewa na vitezi vilivyopo hapo, na sijawahi kuona wakiudhuru mmea.