Jinsi ya kusoma ubishi wa serikali kuu Marekani, 1787 mpaka 1791, bila kupotea

Wengi wakitaka kuelewa huu ubishi, yaani kama Marekani iwe na serikali kuu yenye nguvu au majimbo yabaki na madaraka yao, wanaanza na Alexander Hamilton, mtetezi wa serikali kuu, na ukianza na Hamilton umekwisha, manake jamaa anajua kuandika na upande wake ndo ulioshinda, kwa hiyo wapinzani wote unawaona kama watu waoga wa mabadiliko tu. Mi nakushauri anzia kwenye hela.

Kabla ya Katiba ya sasa kulikuwa na mkataba wa majimbo ulioanza kazi 1781. Congress, yaani bunge la pamoja la majimbo, haikuwa na ruhusa ya kutoza kodi, ilikuwa inayaomba majimbo, na majimbo yanatoa yakijisikia, huku deni la vita vya uhuru lipo palepale. Wakaomba angalau ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za kutoka nje, lakini kubadili mkataba lazima majimbo yote 13 yakubali, Rhode Island ikagoma 1782, biashara ikaishia hapo. Jaribio lililofuata likakwama New York. Halafu 1786 wakulima wa Massachusetts waliobanwa na madeni na kodi wakaanza kufunga mahakama, na Januari 1787 Daniel Shays na wenzake wakaliendea ghala la silaha la Springfield, na jeshi lililotumwa kuwamaliza lililipwa kwa michango ya matajiri wa Boston. Hapo ndo utaelewa kwa nini akina James Madison, waliotaka Katiba mpya yenye serikali kuu ya nguvu, walikuwa na haraka.

Sasa fungua Katiba yenyewe, ibara ya 1 sehemu ya 8, shuka mpaka kifungu cha mwisho kinachoipa Congress uwezo wa kutunga sheria zote "za lazima na zinazofaa" kutekeleza kazi zake. Iache wazi hiyo pembeni, usome makala ya kwanza ya Brutus, ya Oktoba 1787. Brutus ni jina la kificho la mwandishi aliyeipinga Katiba. Anachukua kifungu hicho anakiunganisha na ibara ya 6 inayosema sheria za serikali kuu ziko juu ya za majimbo, anakwambia ukiviweka pamoja majimbo yatamezwa polepole. Na nchi kubwa hivyo, mbunge atawajuaje watu wake? Hoja nzito hizo, usizipite mbio.

Ukimaliza ndo uende Federalist, zile makala za kuitetea Katiba, namba 10, Madison anageuza hoja hiyohiyo: nchi ikiwa kubwa makundi yanakuwa mengi, kwa hiyo ni ngumu kundi moja kuwakandamiza wengine. Kisha namba 23, Hamilton kuhusu jeshi, anasema hatari za nchi huwezi kuzijua mapema kwa hiyo huwezi kuuwekea mipaka uwezo wa kuilinda. Zipo 85, usijilazimishe kuzimaliza zote.

Angalia na kura za majimbo za kuikubali Katiba, zinasaidia sana kuona kwamba haikuwa mteremko: Massachusetts 187 kwa 168, Virginia 89 kwa 79, New York 30 kwa 27. George Mason, mjumbe wa Virginia, alikaa Philadelphia miezi yote ile ya mkutano wa kuandika Katiba halafu akakataa kusaini, na moja ya sababu zake ni kwamba hamna orodha ya haki za raia. Orodha hiyo ikapitishwa 1791, kwa hiyo walioshindwa nao waliacha alama yao kwenye Katiba.

Usiishie hapo tafadhali, nenda kwenye benki ya taifa, 1791. Katiba haitaji benki popote. Hamilton, sasa waziri wa fedha, anasema inaruhusiwa kwa kifungu kilekile cha lazima na zinazofaa, Thomas Jefferson, waziri wa mambo ya nje, anasema kufaa tu hakutoshi, na Madison, huyuhuyu aliyeipigania Katiba, safari hii yuko upande wa Jefferson! Rais George Washington akawasikiliza wote akasaini. Chukua daftari, upande mmoja andika alichotabiri Brutus kuhusu kifungu kile, upande wa pili sababu za Hamilton kuhusu benki, mstari kwa mstari, halafu soma hukumu ya 1819 ya kesi ya McCulloch dhidi ya Maryland, iliyohusu benki ya taifa, uone Mahakama Kuu iliangukia upande gani.