Meza ya Pipi kwenye Harusi ya Tanga: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Picha nyingi za meza za pipi tunazotumiana kwenye simu zimepigwa kwenye kumbi zenye kiyoyozi. Harusi zetu nyingi hapa Tanga zinafanyika chini ya turubai Ngamiani, au kwenye ukumbi wenye feni tu, na mwezi wa pili joto la mchana linapita nyuzi 30. Kwa hiyo kabla hujamwambia mpambaji unataka rangi gani, fikiria hali ya hewa ya siku hiyo.

Chokoleti ndiyo ya kwanza kukuangusha. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, na inaanza kulainika kabla hata haijafika hapo. Kama bibi harusi ameing'ang'ania, weka kidogo kwenye friji, itolewe dakika za mwisho kwa ajili ya meza kuu. Pipi ngumu zisizofungwa nazo huvuta unyevu wa bahari, zikagandana zikawa bonge moja. Nunua zilizofungwa mojamoja, uziweke kwenye vyombo vya kioo vyenye vifuniko.

Kwa maoni yangu, nusu ya meza iwe ya vitamu vyetu wenyewe: visheti, kashata, ladu, labania, halua, tende. Vinapendeza, vinavumilia joto, na wazee watavifuata kwanza. Visheti na kashata za karanga unaweza kuviagiza siku mbili tatu mapema. Kashata za nazi zipikwe jana yake au asubuhi ile ile, maana nazi huchacha upesi. Kaimati za shira ziache jikoni, zitachafua kila mkono. Ubuyu lazima uwepo, lakini usiuweke karibu na kitambaa cheupe, na pembeni yake pawe na tishu za kutosha. Rangi yake ikishika gauni, haitoki kirahisi.

Soma maandishi ya pakiti za jeli. Nyingi huwa na jelatini, na jelatini nyingine hutokana na nguruwe. Kwa wageni wetu hilo ni jambo zito, kwa hiyo chukua zenye alama ya halali. Vyenye karanga viandikiwe kikadi na viwe na kijiko chake peke yake, kwa sababu mwenye mzio anaweza kuumwa vibaya kwa chembe ndogo tu. Karanga nzima na pipi ngumu ziwe nyuma, mbali na mikono ya watoto wadogo. Mtoto wa chini ya miaka 4 hukabwa nazo kwa urahisi sana.

Kuhusu kiasi, mimi hupiga gramu 100 kwa kila mgeni, kwa kuwa watu wanakuja mezani wameshashiba pilau. Wageni 200 ni kilo 20, vyote pamoja. Ila uliza kamati mapema kuhusu watoto: kadi inaandikwa Bwana na Bibi, na wanaofika ni watu watano.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Tumia bahasha ndogo za karatasi, au vikapu vidogo vya ukili kama mfuko unaruhusu, na kila mgeni apewe kimoja mkononi. Mirundo ikiachwa mezani, wa kwanza watajaza vitatu na wa mwisho watakuta vyombo vitupu. Ndiyo maana meza inahitaji msimamizi, shangazi au dada mwenye sauti na uso wa bashasha.

Sisimizi wazuie kwa kusimamisha kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji. Kitambaa kirefu kitayaficha, mradi kisiguse sakafu, maana watapandia hapo.

Kubaliana na MC kwamba meza inafunguliwa baada ya chakula, na vyombo vijazwe wakati watu wanakula. Na kitakachobaki kigawiwe vipi baina ya upande wa bibi na upande wa bwana, kamati iamue kabla ya siku yenyewe.