Mama alipiga deki hotelini, bili ikaja kwangu

Kama mwaka huu una mpango wa kumtoa mama Mbeya umpeleke Florida akaone yale mabembea yanayopinda watu kichwa chini, mambo ya pasipoti na viza sitakueleza. Hayo unayajua, na kama huyajui, binamu yako wa Dar anayajua. Mimi nataka tuongee habari za taulo. Taulo, kapeti, na kile kibao cha mlangoni kinachosema usisumbue, ambacho kilinigharimu dola 425. Kwa pesa yetu hiyo inapita milioni moja.

Naandika nikiwa likizo nyumbani Tukuyu, na mvua, kama kawaida yake, haina habari na mtu. Nilikuwa nimeapa kuyasahau haya, lakini juzi mama mdogo alikuja kuniomba ushauri wa safari. Mwanawe yuko Minnesota, amemkatia tiketi, na mwezi wa saba watashuka Orlando na wajukuu. Mama mdogo alikuwa ameshatandaza mkekani vitu vyake vyote: usipa wakavu kutoka Kyela kilo mbili, kanga sita, sabuni ya mche, na brashi ya kusugulia. Nikaiona ile brashi nikajua kabisa ni ya nini.

Sasa sikiliza yaliyonikuta.

Mama alikuja kwangu Houston. Watoto wakadai bibi lazima aone Florida, tukapakia gari tukaendesha siku mbili. Hoteli ilikuwa moja ya yale majumba makubwa yaliyozunguka viwanja vya burudani, yenye mabwawa, mitelezo ya maji na sanamu za katuni kila kona. Jina nalihifadhi. Tulipofungua mlango, mama ndiye aliyeona kwanza: doa la kahawia kwenye kapeti karibu na dirisha, ukubwa wa sahani. Bafuni kulikuwa na nywele za mtu. Nikashika simu nipige mapokezi. Mama akanizuia. "Achana nao mwanangu, watu wamechoka. Mgeni anaingiaje nyumba ya wenyewe akaanza kukagua?"

Nikaweka simu chini. Hapo ndipo nilipoingia mtegoni kwa miguu yangu mwenyewe, na nitalirudia hili mpaka mnichoke: ile simu usiiweke chini.

Asubuhi yake dada wa usafi akagonga. Mama akafungua mlango nusu, kajifunga kanga, akasema "ndaga fijo, ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa chetu, akafunga. Hakutaka mtoto wa watu aoshe choo ambacho yeye amekitumia na bado ana mikono miwili. Kisha akaniuliza kile kibao kimeandikwaje. Nikamwambia. Akakitundika, na kikakaa pale siku zote nne.

Ndani ya siku hizo nne chumba kile kiling'aa. Mama aliamka saa kumi na moja kama yuko nyumbani, akatandika, akasugua bafu, akapiga deki. Dekio hakuna, kwa hiyo alichukua taulo kubwa jeupe, akalikunja, akainama, akasukuma kuanzia bafuni mpaka mlangoni. Viatu vya watoto akavipaka kiwi, akavifuta kwa taulo ndogo. Kisha taulo zote akaziloweka kwenye beseni la kuogea. Kiwi haitoki kwenye kitambaa cheupe. Yeyote aliyelala bweni Loleza anaijua hiyo habari. Na usiku wa tatu, kwa kuwa watoto walikataa mkate wa hoteli na mimi nilikuwa nimebeba kikaangio kidogo cha umeme, tukakaanga usipa. Madirisha hayafunguki. Kengele ya moshi haikulia, nikamshukuru Mungu mapema mno.

Tulirudi Houston tumefurahi. Siku ya tisa nikaona pesa zimetoka kwenye kadi: dola 250 za kuondoa harufu, 100 za kapeti, 75 za taulo.

Usipa nilikubali. Taulo nilikubali. Kapeti nilikataa, kwa sababu doa lile tulilikuta. Nikapiga simu, nikaulizwa maswali matatu kwa sauti ya upole kabisa. Una picha ya kapeti ya siku uliyofika? Sina. Ulitoa taarifa mapokezi? Sikutoa. Basi kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba chumba hiki kilikataa huduma ya usafi siku zote za kukaa kwenu.

Yaani katika daftari lao, chumba alichokisafisha mama yangu mara nne ndicho chumba kichafu. Tena msimamizi alikuwa ameshaingia tukiwa nje, akanusa, akapiga picha zake. Nikasema, lakini kibao kilikuwa mlangoni! Ndugu yangu, kibao kile si kufuli. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017, ambapo mtu alijaza bunduki chumbani hotelini na kupiga risasi umati kutoka dirishani, hoteli nyingi kubwa zilibadili utaratibu. Hoteli za Disney kule Florida zilianza kuondoa maneno ya usisumbue na kuweka yanayosema tu kwamba chumba kina mtu, na zikajiachia haki ya kuingia kila siku hata kama kibao kipo. Kwa hiyo kibao kinamzuia anayekuja kukusafishia. Anayekuja kukukagua hakimzuii. Soma tena sentensi hizo mbili kabla ya kumpa mama ufunguo.

Kosa langu la pili lilikuwa kadi. Nililipia kwa kadi ya benki ya kawaida, ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, na humo ndimo ilimokuwa kodi ya nyumba. Ukitumia kadi ya mkopo, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inakupa siku 60 tangu utumiwe taarifa ya bili kupinga kwa maandishi deni lenye makosa, na sehemu unayobishania huilipi wakati wanachunguza. Kwa kadi ya kawaida pesa imeshaondoka, wewe ndiye unayeikimbiza. Nilipinga hata hivyo. Benki wakataka ushahidi, nikabaki na neno la mama tu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mlango ukifunguliwa, mama, watoto na mabegi wabaki nje au wasimame bafuni, ambako ni vigae na ni rahisi kuona mdudu. Wewe ingia na simu ukirekodi video. Anza mlangoni, upitie kapeti lote, kuta, viti, ndani ya friji, beseni la kuogea, choo, na taulo zenyewe zikiwa zimekunjwa. Ukifika kwenye doa, simama, sogeza simu karibu. Mama atakwambia unawaaibisha watu. Mwache aseme. Kisha toa taarifa kwa maandishi, kwa programu ya simu ya hoteli au kwa ujumbe, hata kama umeshasema mapokezi kwa mdomo. Neno la mdomo halina tarehe. Na kama uchafu ni mkubwa omba chumba kingine hapo hapo kabla hujakaa kitandani, maana ukishalala usiku mmoja hicho chumba kimekuwa chako pamoja na madoa yake.

Vitanda navyo. Inua shuka kwenye pembe za godoro upande wa kichwani, angalia mshono na nyuma ya ubao. Ukiona vidoa vyeusi kama mtu amegusisha kalamu ya wino, hao ni kunguni, na hoteli ya dola 300 kwa usiku inaweza kuwa nao sawa na gesti ya stendi, kwa sababu mdudu anasafiri kwa begi na haulizi bei. Kunguni mkubwa anafikia milimita tano hivi, kama mbegu ya tufaha, lakini mayai ni madogo mno. Ukiwa na wasiwasi, ukirudi nyumbani nguo zote ziingie kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali nusu saa. Joto ndilo linalowaua. Tafadhali msituletee Tukuyu. Huku mashine za kukaushia hatuna na jua lenyewe tunalipigia simu.

Mwaka uliofuata nilirudi kule na watoto peke yao, hoteli nyingine, na safari hii dada wa usafi alipogonga nilimfungulia. Alikuwa Mhaiti, ana watoto watatu, na kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza tulielewana vizuri kuliko mimi na majirani zangu. Akanieleza hesabu yake. Wageni wanatoka saa tano asubuhi, wapya wanaingia saa tisa au kumi alasiri. Katikati hapo chumba chenye vitanda viwili, makombo ya biskuti za watoto wanne na taulo zenye mchanga lazima kiwe kama hakijawahi kulaliwa, na zamu moja ana vyumba karibu kumi na tano. Ndiyo maana nywele zinabaki bafuni. Si uvivu. Ni saa.

Na hapa niseme ya moyoni kuhusu wenyeji wetu. Wamarekani wanapenda usafi unaoonekana: shuka nyeupe kama theluji, harufu ya limau, karatasi iliyokunjwa pembe tatu chooni. Anayeufanya hawataki kumwona. Siku nzima katika korido zile hukutani na mzungu mwenye ndoo. Ni Haiti, ni Puerto Rico, ni Ufilipino, ni sisi. Kwetu usafi ni heshima ya mwenye nyumba. Mama yangu anasema mke hupimwa kwa uwanja wake uliofagiliwa. Kule usafi ni huduma iliyokwisha kulipiwa, na ukijifanyia mwenyewe umewaharibia hesabu. Sisemi wao ni wabaya. Nasema mama yangu alimsaidia yule dada kwa upendo wote, na upendo ule haukuandikwa popote.

Muache yule dada aingie. Akiingia, chumba kinaandikwa kimehudumiwa, na akikuta doa anaweza kuliripoti siku ya kwanza badala ya ya nne. Yeye ndiye shahidi wako. Kama mama hawezi kuvumilia, mtoeni chumbani saa hiyo, mpelekeni akanywe chai. Tena ulizeni mapema, kwa sababu tangu korona ya 2020 hoteli nyingi hazisafishi chumba kila siku bila kuombwa. Wengine huja siku moja wakaruka moja, wengine wanatoa taka na kubadili taulo basi. Bakshishi ni dola mbili hadi tano kwa siku. Acha kila asubuhi, usisubiri siku ya kuondoka, huenda siku hiyo zamu ni ya mwingine.

Mengine kwa kifupi. Hoteli huzuia pesa za dhamana kwenye kadi na kuziachia baadaye. Viatu vifutwe kwa karatasi za chooni. Taulo likiharibika, sema mwenyewe. Samaki wakavu hupita uwanja wa ndege ukiwatangaza, maparachichi yetu hayapiti, msilie. Kupika chumbani ni marufuku isipokuwa chumba chenye jiko, na vyumba vya jiko vipo. Ukienda na wazee lipia hicho, hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu mzee wa Rungwe hatakula mkate siku nne kwa amani. Na kama unasafiri na mkeo pamoja na baba yako, msithubutu kuchukua chumba kimoja cha vitanda viwili eti kuokoa pesa. Mnajua kwetu mkwe na baba mkwe wanavyokwepana. Nimeona ndoa ikinuna kwa hilo kutoka Orlando mpaka Atlanta.

Kabla ya kulipia hoteli yoyote ya Florida, fungua tovuti ya idara ya jimbo inayotoa leseni za hoteli na migahawa, andika jina la hoteli, utaona ripoti za wakaguzi. Ziko wazi kwa kila mtu. Sheria ya jimbo lile inamtaka mwenye hoteli ampe kila mgeni mpya shuka na foronya safi, na achukue hatua za kuzuia wadudu. Wasipokusikiliza, malalamiko yanapokelewa huko huko. Mimi hayo niliyajua baada ya dola 425 kuondoka.

Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kimya, anakunja kanga. Usipa aliutoa mwenyewe akaurudisha kwenye kikapu, nusu; nusu nyingine akasema ni ya Minnesota, wana jiko. Sabuni akaitoa. Brashi akaishika mkononi muda mrefu.

"Sasa wewe mtoto," akaniambia, "wakishatandika wao, wakaosha wao, wakafagia wao, mimi nikiamka saa kumi na moja nikae kwenye kiti nimtazame nani?"

Nikamwambia kuna televisheni. Akaniangalia kama nimemtukana, na brashi akairudisha begini.