Kubandika stika iliyochapishwa kwenye ubao wa foreksi (ubao mwepesi wa plastiki ya PVC)

Stika ikitoka kwenye mashine ya wino wa solventi (kiyeyushi kinachovukiza), usiilaminishe, yaani usiifunike kwa filamu ya kinga, papo hapo. Iache ipumue saa 24, imetandazwa au imeviringishwa kwa kulegea. Roli iliyokazwa haikauki. Solventi ikinaswa ndani, gundi hulainika, kingo hujikunja na laminesheni huanza kuachia. Kosa hili ndilo linalorudisha kazi nyingi dukani.

Kwa laminesheni, tumia filamu ya baridi (inayobandikwa bila joto), ya jamii moja na stika, la sivyo moja husinyaa kuliko nyingine.

Futa ubao kwa spiriti, uache ukauke. Punje moja ya mchanga huonekana kama chunusi. Stika izidi ubao sentimita 1 kila upande. Bandua karatasi ya nyuma sentimita 5 tu, ikunje, shikiza ukingo huo, kisha vuta karatasi kidogo kidogo huku ukisukuma kwa skwiji (kibao cha kusawazishia) yenye kitambaa, kutoka katikati kwenda pembeni. Kipovu kikibaki, kitoboe kwa sindano, si kisu. Malizia kwa kukata ziada kwa wembe mpya.

Kunyunyiza maji ya sabuni kabla ya kubandika, ili stika iteleze? Kwenye foreksi sawa. Kwenye ubao wa povu wenye karatasi, usithubutu.