Muuguzi mpya anachoka: ni mzigo wa kazi au hajiamini?

Muuguzi mpya akitoka zamu yu hoi, viongozi wengi wa wodi hukimbilia kumpunguzia wagonjwa. Dawa hiyo hufaa kama kinachomlemea ni kazi yenyewe. Lakini asiyejiamini, anayehakiki dozi ileile mara tatu, anayeogopa kuuliza na kubaki nyuma kumalizia mafaili, ataona umemhesabu kuwa hawezi, na hofu itazidi.

Kwa wiki moja, andika kwenye daftari la zamu: kila muuguzi alikuwa na wagonjwa wangapi, mahututi wangapi, na alitoka saa ngapi. Idadi tupu hudanganya. Wagonjwa 10 wanaosubiri ruhusa ni kazi nyepesi kuliko 4 walio kwenye oksijeni. Wote wakichelewa kutoka, wodi imezidiwa. Akichelewa mmoja tu na wagonjwa wake ni kama wa wenzake, shughulikia kujiamini kwake.

Wodi ikizidiwa, anza na ratiba. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida 45 kwa wiki, za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Kosa la kila siku ni kumpanga mtu jioni, kisha asubuhi yake. Aliyetoka saa mbili usiku na kurudi saa moja na nusu amepumzika saa 11 na nusu, wakati sheria kwa kawaida inataka 12. Ukitoa humo muda wa daladala, usingizi unabaki kiduchu.

Kujiamini hakuji kwa kuambiwa "jiamini". Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika juu ya hilo mwaka 1977, aliweka mafanikio ya mtu mwenyewe mbele ya maneno ya kutiwa moyo. Chukua uwekaji wa kanula, yaani mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa wa damu. Kwanza akuangalie, nawe utaje kila hatua. Kisha afanye yeye ukiwa pembeni, kwa mtu mzima mwenye mishipa inayoonekana. Mtoto aliyeishiwa maji asiwe wa kwanza. Akikosa mara mbili, aite mwenzake, na kanuni hiyo iwabane hata wakongwe, la sivyo kuomba msaada kutaonekana aibu ya wageni. Akifaulu, mtajie alichopatia: "Uliivuta ngozi vizuri, mshipa haukukimbia." Makosa yasubiri faragha, isipokuwa mgonjwa yuko hatarini. Kumkemea mbele ya ndugu wa mgonjwa kunaweza kufuta kazi ya mwezi mzima.

Baada ya wiki nne, rudia hesabu ile. Kama sasa anafanya vizuri bila msaada na bado anachelewa kutoka, mpelekee matroni daftari lenyewe na uombe mtu wa kuongeza kwenye zamu.