Kudabo sauti ya kuchana kama Tupac, ukirekodi chumbani Kigoma

Msikilize Tupac, mchanaji (rapa) wa Marekani, kwa hedifoni. Kuna sauti ya katikati, na nyuma yake kuna Tupac wengine wanaosema maneno yaleyale, wakipishana kidogo sana. Unene ule ni wa koo: alichana vesi, kisha akairudia juu ya ileile, na huko ndiko kudabo. Kazi hiyo inafanyika vizuri kabisa katika chumba cha Mwanga au Ujiji, mradi chumba kitulizwe kwanza.

Adui mkubwa ni bati. Mvua ikishaingia kwenye maiki, hakuna programu itakayoifuta bila kuikwaruza sauti. Hata siku kavu, bati lililopigwa na jua hulia likipoa jioni. Rekodi kuanzia saa sita usiku, feni ikiwa imezimwa, na umalize kabla jogoo hawajaamka. Simamisha magodoro mawili kwenye kona na mchanaji asimame akiyapa mgongo. Wengi huyaweka nyuma ya maiki, kumbe maiki nyingi za kondensa (maiki nyeti za studio) husikia zaidi upande wa mbele, na mwangwi unaoingia ni ule unaotoka ukuta ulio nyuma ya kichwa cha mchanaji. Vitenge ukutani havitoshi: ni vyepesi, hupunguza ukali wa juu tu na kuacha mvumo.

Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki. Kati yake weka soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya, ivunje pumzi ya P na B. Kwenye programu ya kurekodi, chagua ubora wa biti 24. Mstari wenye nguvu kuliko yote ufike kati ya desibeli -10 na -6. Ukigonga sifuri sauti imepasuka, irudie. Bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa) iwe sampuli 128, kwa sababu ikiwa kubwa mchanaji hujisikia kwa kuchelewa na kuanza kubaki nyuma ya mdundo. Chomoa chaja ya laptopu wakati wa kurekodi: nyumba isiyo na ethi nzuri (waya wa umeme unaoingia ardhini) huingiza mvumo wa umeme. Betri iwe imejaa, na uhifadhi kazi kila vesi inapoisha, maana umeme hauagi.

Sasa dabo. Vesi kuu ikishakaa, rekodi ya pili papo hapo, kwa kusimama palepale na kuvuta pumzi palepale. Ukingoja kesho, koo litakuwa jingine. Ya tatu iwe ya maneno ya mwisho wa mistari na yale unayotaka yapige. Usinakili faili la vesi kuu na kulibandika juu yake. Hapo unaongeza ukubwa wa sauti tu, na ukilisogeza kidogo inatoka sauti ya mtu anayeongea ndani ya bomba. Unene unatokana na zile tofauti ndogo za binadamu.

Ndiyo maana vesi lazima iwe kichwani. Anayesoma kwenye simu hubadilisha lafudhi kila akirudia. Tupac alisomea uigizaji na ushairi katika shule ya sanaa Baltimore, na mazoezi ya jukwaani humfundisha mtu kurudia mstari kwa hisia ileile. Alikuwa pia na kasi ya ajabu: alitoka gerezani Oktoba 1995 akaenda moja kwa moja studio, na Februari 1996 ikatoka albamu ya diski mbili yenye nyimbo 27. Septemba mwaka huohuo aliuawa, akiwa na miaka 25 tu.

Kwenye kuchanganya, vesi kuu ibaki katikati. Dabo zishuke desibeli 6 hadi 10, moja kushoto na nyingine kulia, na ukate kila kilicho chini ya hezi 150 ili zisijaze matope. S zikisikika mara mbili mwishoni mwa neno, zikate kwenye dabo, uziache kwenye vesi kuu peke yake. Kisha cheza wimbo kwenye spika ya simu: neno lolote likipotea, shusha dabo desibeli 2 nyingine.